Mji Wenye Daraja Moja

Jumapili moja ya soko nilimtilia Abundio jino lake la mbele. Jua lilikuwa kali na upepo wa baridi, vyote kwa pamoja, kama ilivyo kawaida ya Waylapata, mji mdogo ulio juu kabisa katika milima ya Peru, mahali ambapo maji huchemka upesi lakini maharage hayaivi. Kina mama walikuwa wameshashuka kutoka vijiji vya juu na viazi vyao na sufi zao za kondoo, wakatandaza nguo uwanjani, wakaketi. Mimi niliacha wazi mlango wa chumba changu cha meno ili mwanga uingie. Umeme wetu ulikuwa wa saa mbili tu kila jioni, na mashine yangu ya kutobolea niliiendesha kwa mguu kama cherehani.

Abundio alikuwa seremala. Kiti alichokalia alikitengeneza yeye mwenyewe, kwa mbao za mkalitusi, na kwa miaka minne kila aliyeumwa na jino katika mji ule alikilalia. Jino lake lilivunjika alipokuwa mdogo. Katika milima ile mtu anayejipenda hutaka jino lenye pindo la dhahabu.

"Dhahabu sina," nilimwambia.

"Basi tia chuma, komadre. Mradi ling'ae."

Nikamtilia jino lenye pindo la chuma, na pindo lile nikalikata kwa umbo la mwezi mwandamo, kwa sababu mkono wangu haukujua pambo jengine. Alijitazama kwenye kioo, akatoka nje kwenye soko, na asubuhi nzima nilimsikia akicheka ili watu walione.

Aliniita komadre kwa sababu alikuwa amemkata mwanangu Salma nywele za kwanza. Kwetu sisi nywele za mtoto hunyolewa siku ya saba. Kwao wao hungojewa mpaka mtoto atembee na kusema, kisha wazee humchagua mtu wa kuzikata, na mtu huyo huwa kama baba wa pili, wazazi humwita kompadre naye humwita mama komadre, na udugu huo ni mzito kuliko wa damu. Sisi tulimchagua Abundio.

Nijieleze, maana watu huniuliza mtoto wa Unguja alifikaje huko. Niliondoka Unguja nikiwa msichana, katika yale yaliyoziondosha nyumba nyingi. Tukakaa Kairo. Kutoka Kairo nilipata nafasi ya kusomea meno Urusi, na Urusi ndiko nilikokutana na Teofilo. Alikuwa anasomea hesabu. Alitamka shahada mbele ya wanafunzi wawili wa Kisudani, tukaoana, na tulipomaliza masomo akaniambia anataka kurudi kwao kusomesha. Mimi kwetu hakukuwa na pa kurudi. Nikamfuata.

Mama yake, Mama Saturnina, hakujua lugha yoyote ila Kikechua, lugha ya watu wa milima ile tangu kabla ya Wahispania. Alinifundisha kwa kunishika mkono na kuniwekea kitu kiganjani: kiazi, uzi, jivu. Nilikijua Kikechua kabla ya Kihispania.

Waylapata imekaa kwenye shimo la milima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo lenye mto, na juu ya korongo palikuwa na daraja moja. Gari la abiria lilikuja mara mbili kwa wiki, likapita hapo, likarudi hapo hapo. Nilipofika niliona mahali pale pametulia. Ilinichukua miaka kuona kuwa pana mlango mmoja tu.

Watu wa mlimani walikuja kwa mara ya kwanza siku ya soko. Ndivyo tulivyowaita, watu wa mlimani, kwa sababu jina lao wenyewe lilikuwa refu na hakuna aliyetaka kulitamka. Walikuwa vijana wengi wao, na wasichana miongoni mwao. Walihutubia juu ya ardhi na haki, na baadhi ya watu walisikiliza kwa moyo, maana dhuluma ya ardhi ilikuwapo na si uwongo. Mara ya pili walipiga marufuku soko. Mara ya tatu walimwua mkuu wa mji kwenye ngazi za kanisa, mbele ya mkewe.

Kisha wakalivunja daraja.

Jeshi lilikuja kwa helikopta, likapiga kambi katika skuli aliyokuwa akisomesha Teofilo. Kapteni akatangaza kuwa hakuna mtu kutoka mjini bila ya karatasi yenye muhuri wake, na atakayekutwa njiani hana karatasi atahesabiwa mwasi. Watu wa mlimani nao wakatuma khabari: atakayekutwa na karatasi ya jeshi atahesabiwa jasusi. Karatasi ile ile iliyokuokoa kwa huyu ilikuua kwa yule.

Basi tukakaa. Teofilo alikuwa akimsomesha Salma hesabu kwa punje za mahindi. Chumvi ilikwisha kwanza, kisha sabuni, kisha dawa zangu za ganzi. Asubuhi tulihesabu mioshi ya nyumba, na nyumba isiyotoa moshi hatukuiuliza.

Alfajiri moja alikuja mwanamke mwenye shavu lililovimba, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Chini ya sketi yake alikuwa na viatu vya buti. Niliona, nikanyamaza. Nikamng'oa jino bila ganzi, naye hakutoa sauti. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Hukuniona," alisema.

Wiki ile ile alikuja kapteni mwenyewe kusafishwa meno. Alikuwa mtu mpole wa maneno. Aliitazama shahada yangu ukutani, yenye herufi za Kirusi, na Kirusi kwa jeshi kilikuwa lugha ya waasi.

"Wanakuja wangapi kwako kutoka juu, daktari?"

"Mwenye jino bovu hasemi anakotoka."

Akatabasamu, akafungua kinywa. Alipoondoka niliitoa ile shahada ukutani nikaitia kwenye jiko.

Baada ya siku chache askari walipita na kipaza sauti: watu wote uwanjani, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto. Tulipangwa safu mbili. Ilikuwa asubuhi, anga nyeupe. Kutoka skuli wakamleta mtu kavaa joho la jeshi mpaka miguuni, na kichwani kofia ya sufi iliyofunika uso wote, yenye matundu mawili ya macho na moja la kinywa.

Akaanza kupita mbele yetu, askari wawili nyuma yake.

Hakusema neno. Alipomfikia anayemtaka alimgusa bega.

Alimgusa Gregoria, mwuza chumvi.

Alimgusa Melkiades, mpiga kinubi wa kanisani.

Alinifikia mimi. Nilikuwa nimembeba Salma. Alisimama. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa baridi, akailamba, na mdomo wa juu ukapanda.

Niliuona mwezi wangu.

Naye aliyaona macho yangu. Akapita. Akampita Teofilo, akampita Mama Saturnina. Mwisho wa safu akamgusa Fortunato, aliyekuwa na nyumbu wawili, na wote watatu wakachukuliwa skuli. Hawakuonekana tena.

Nyumbani Teofilo aliniuliza kwa nini nafunga madirisha asubuhi. Nilimwambia ni baridi. Katika maisha yetu sikuwahi kumficha jambo, na lile nililificha kwa sababu nilimjua. Angekwenda moja kwa moja kwa Abundio kumwuliza. Na khabari ingefika mlimani, na Abundio angeuawa, na kapteni angetaka kujua nani kasema. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini palikuwa na jengine chini yake, na nitalisema: Abundio alitupita. Maadamu yeye ndiye aliye ndani ya kofia ile, nilidhani nyumba yetu imesalimika.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu. Mkewe Irma alikuwa kambini mwezi mzima, askari walimchukua kuwapikia na hawakumruhusu kutoka. Sote tulilijua hilo na hatukulitamka. Alikaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe.

"Jino linaniuma," alisema. "Liondoe."

Nililigonga kwa kishikio cha kioo changu. Halikuwa na kitu.

"Haliumi, Abundio."

"Linauma, komadre. Liondoe."

Hatukutazamana. Nililiondoa. Aliliweka mfukoni, akakaa kidogo mikono magotini, kisha akaondoka bila ya kuaga. Na mimi nikanawa mikono, nikajua kuwa tangu saa ile si shahidi tena. Nimeshakuwa mwenzake.

Wiki sita zikapita. Nilikuwa nikikutana na mke wa Melkiades kisimani. Alikuwa akinisalimia, nami nikimjibu, kisha nikitazama ndoo yangu.

Mkusanyiko wa pili ulikuwa mchana. Safu zile zile, joho lile lile.

Alikuja moja kwa moja. Hakuangalia wengine.

Alisimama mbele ya Teofilo.

Nikamwita. Sikumwita kwa jina, nilisema tu, "Kompadre," kwa sauti ya chini.

Mkono ulikuwa umeshanyanyuka.

Teofilo aliivua miwani yake, akanipa, kama mtu anayekwenda kuoga. Aliniambia, kwa Kirusi, lugha yetu ya siri, "Mwangalie mama." Hakujua nani aliyemgusa. Mpaka wanamwingiza skuli hakugeuka.

Nilikwenda langoni kila siku. Kapteni alitoka mara moja tu. "Hapa hakuna mtu mwenye jina hilo," alisema, kwa upole wake ule ule. Mama Saturnina hakubishana na mtu. Alipika, akafunga chakula ndani ya nguo, akaketi mbele ya lango mpaka askari mmoja akakipokea. Siku ya pili alikipokea. Ya tatu na ya nne pia. Siku ya tano alikirudisha hakijafunguliwa.

Mama Saturnina alikichukua. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, akakigawa chakula kile kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kama wafanyavyo kwao mtu anapozikwa.

Siku chache baadaye Abundio alikuja na karatasi yenye muhuri. Irma kaiiba juu ya meza ya kapteni alipopeleka kahawa. Jina langu na la Salma yalikuwa yameandikwa kwa mkono wa mtu asiyejua kuandika vizuri.

Alisimama mlangoni na kiganja kikifunika kinywa chake. Nilitaka kumwuliza kwa nini Teofilo. Walimlazimisha ataje mwalimu? Walimwambia ni huyo au Irma? Au alikhofu kuwa nitamwambia mume wangu, na akataka kuwahi? Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza na sikuliuliza, kwa sababu nilihitaji ile karatasi. Niliichukua.

Nilimbembeleza Mama Saturnina aje nasi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nimepandwa hapa," alisema. "Wewe una miguu."

Alinifungia viazi vilivyokaushwa na jibini, akamfunga Salma mgongoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, na fundo lile lilikaza hata nikadhani halitafunguka.

Askari wa chini waliisoma karatasi, wakatupisha. Mto tulivuka kwa kapu linaloning'inia kwenye waya. Ng'ambo ya pili ilikuwa nchi ya watu wa mlimani. Niliichana karatasi ile vipande vidogo, nikaitafuna, nikaimeza. Tulitembea siku tatu. Hatukukutana na mtu.

Nilichonacho tangu hapo ni cha kawaida. Kaka yangu Nassor alikuwa ameshahamia Maskati, akatutumia tiketi. Nilifika na mtoto wa miaka mitano anayesema Kikechua, na shangazi zangu wakakusanyika sebuleni, mtaa wa Sidab, kutulaki. Walitia udi, wakapika, wakalia. Wao pia walikuwa na yao ya Unguja. Kila nilipoanza kusimulia, mmoja alinishika goti. "Basi mwanangu, yamekwisha, mshukuru Mola." Kwa hivyo nikanyamaza. Nilifanya kazi ya meno miaka ishirini na minane, katika kliniki yenye ubaridi na mashine zisizotaka mguu. Milima ya Maskati iko kila upande wa njia, myeusi, haina hata jani, na kwa miaka ya mwanzo nilikuwa nikiendesha gari huku nikitafuta ni wapi pa kutokea.

Miaka miwili nyuma wachunguzi kutoka mji mkuu wa Peru walifukua ardhi nyuma ya ile skuli. Walihitaji mate ya Salma, wayalinganishe na mifupa. Teofilo alikuwamo, na Gregoria, na Melkiades, na Fortunato, na wengine. Salma alikwenda kuzika. Mimi daktari wa moyo alinikataza, mwinuko ule ungeniua. Salma alimzika baba yake karibu na Mama Saturnina. Alinieleza kuwa Abundio aliuawa na watu wa mlimani mwaka ule ule tuliotoka, kwa kosa jengine kabisa. Aliwachongea askari vitanda.

Na alinipa salamu. Dada yake Gregoria, jina lake Victoria, yu hai. Alimshika Salma mikono makaburini akasema, "Mwambie mama yako nataka kumsikia."

Nilikaa na salamu ile miezi mingi. Mwanzo wa baridi mwaka huu nilimketisha Salma jikoni nikamwambia yote, nililoliona na nililoling'oa.

"Na baba hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Angelikuwa anajua, angekimbia?"

"Hapakuwa na pa kukimbilia, mwanangu. Lakini angelijua."

Akanipa simu yake, akanionesha pa kubonyeza. Nilisema kwa Kikechua changu kilichoota kutu, dakika nane. Nilimwambia Victoria kuwa nilimtambua mtu yule siku aliyomgusa dada yake, na kuwa nilinyamaza, na kuwa nilimsaidia kujificha. Salma akaipeleka sauti ile.

Jibu lilikuja wiki mbili baadaye. Tulikuwa gereji, mtaa wa Ghala hapa Maskati, gari la Salma limenyanyuliwa juu na magurudumu yametolewa, tumekaa kwenye viti vya plastiki tukingoja. Simu ikalia.

"Mama, kajibu," alisema Salma.

Niliiweka sikioni. Sauti ya mwanamke mzee, na mbwa wakibweka nyuma yake.

"Zuhura," alisema. "Nimekusikia. Ulidhani wewe peke yako una macho? Jino lile alituonesha mji mzima siku ile ya soko. Sote tuliliona uwanjani. Dada yangu alipoguswa bega alinitazama, nikajua kamjua. Hakuna aliyesema, kila mtu alikuwa na wake nyumbani. Kisha tukamwona Abundio hana jino, tukajua mkono wa nani umelitoa. Miaka mingi nilikulaani wewe kuliko yeye. Mama Saturnina alijua vilevile. Nilimwambia mwenyewe, siku ya pili baada ya kumwona Abundio hana jino. Aliniambia, mwache Zuhura, ana mtoto. Sasa nimezeeka na nimekusikia. Ni hayo tu."

Salma hafahamu Kikechua ila maneno machache. Aliniuliza kasema nini.

"Kasema bibi yako alikuwa anajua."

Nilitaka kusimama, nitoke, nende mahali. Gari lilikuwa juu, halina magurudumu, na nje ni lami na jua. Nilikaa. Nilimfikiria yule mzee mbele ya lango, siku tano, akijua nani kamtoa mwanawe na nani kanyamaza, na akirudi nyumbani kunipakulia chakula. Hakuniambia neno. Nimejaribu kujua kama ule ulikuwa msamaha au ulikuwa ni kutokuwa na njia nyengine, na sijapata jibu, na wa kulitoa amekwisha kufa.

Nimelipima jambo hili zaidi ya nusu ya umri wangu. Tulikuwa mji mzima, watu mia kadhaa, na kila mmoja alikuwa peke yake na jambo lile lile. Tungelisema kwa pamoja, labda wangetuua kwa pamoja. Labda si hivyo. Watatu walikufa nikijua, na wa nne alikufa kwa sababu nilijua, au kwa sababu nyengine. Sina mizani ya kunionesha zaidi ya hapo.

Alasiri ikaadhiniwa. Fundi mmoja alinionesha chumba kidogo nyuma ya mapipa ya mafuta, kina mkeka na bomba la maji. Nilisali. Kisha nikawaombea kwa majina, kama nifanyavyo kila siku: Gregoria, Melkiades, Fortunato. Sijui Mola anaipokeaje dua ya mtu kama mimi kwa watu wa dini nyengine, lakini namwachia Yeye. Teofilo namtaja mwisho, ingawa ndiye wangu. Wale wengine walitangulia, na walitangulia nami nikitazama.